Mjini Gani? Mji Haukuwepo

Binamu yangu alikuwa anasoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye simu, kipaza sauti kikikoroma, sisi tumebanana chini ya turubai katikati ya migomba. Marehemu alikuwa dada wa mwisho wa babu yangu. Binamu akafika kwenye wazazi. "Mama yake mzazi," akasoma, "alizaliwa Moshi Mjini."

Mzee mmoja mstari wa mbele, kofia yake ameipakata magotini, akasema bila kupaza sauti:

"Mjini gani? Mji haukuwepo."

Binamu hakumsikia, akaendelea na shule, ndoa na idadi ya wajukuu. Mzee akamwinamia jirani yake na kutaja mahali. Neno moja tu, silabi tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake hivyo nililipata vizuri, ila sikuwahi kulisikia maishani, nami nimezaliwa na kukulia hapahapa Moshi.

Tulizika, tukala, tukaagana. Jina lile likabaki nami. Nikiwa kazini linanijia, nikipanda daladala linanijia. Yule aliyetajwa kwenye wasifu ni bibi mzaa babu yangu. Bila yeye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa chini ya turubai lile, na tulikuwa tumemzika binti yake huku tukisema uongo kuhusu mahali mama yake alikozaliwa.

Hakuna aliyekusudia uongo. Ndiyo maana uliniuma.

Mji ulishuka

Mzee alikuwa sahihi, na ukikaa chini ukapiga hesabu unaona ilivyo wazi. Kwetu tumeambiwa siku zote kwamba bibi huyu alikuwa mtoto wa mgongoni Mangi Meli, chifu wa Moshi, aliponyongwa. Hiyo ni tarehe 2 Machi 1900, siku Wajerumani waliyowanyonga pia Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine. Reli ya kutoka Tanga ilifika huku chini mwaka 1911.

Kabla ya hapo, ukisema Moshi ulimaanisha juu mlimani: himaya ya Rindi, kisha ya mwanawe Meli, na boma la Wajerumani lilikuwa hukohuko. Treni haikuweza kupanda mgongo ule. Stesheni ikajengwa tambarare, ofisi zikaifuata, maduka yakafuata ofisi, na jina likashuka nayo yote. Waliobaki juu, wenye jina tangu mwanzo, wakaachiwa jina lenye kichwa cha Kiingereza: Old Moshi.

Kwa hiyo mtu yeyote ambaye karatasi yake ya kabla ya 1911 inasema amezaliwa Moshi, usiende kumtafuta karibu na mnara wa saa. Panda Kiboriloni, shika barabara ya mlimani.

Nilipolitafakari hilo, nikaona ukubwa wa kazi. Kama jina la himaya nzima limeweza kuhama na watu wakazoea kiasi cha kusahau, jina la watu wachache waliokaa pembeni mwa korongo lingeponaje?

Kaskazini, Kusini, Mashariki

Nilianzia kwenye ramani, kama anavyofanya kila mtu siku hizi. Sikupata kitu. Nikaenda kwenye majina ya kata. Tuyataje kidogo, maana tumeyazoea mno hata hatuyaoni: Old Moshi Mashariki, Old Moshi Magharibi. Uru Kaskazini, Uru Kusini, Uru Mashariki. Kibosho Mashariki, Kibosho Magharibi, Kibosho Kati. Marangu Mashariki, Marangu Magharibi. Mwika Kaskazini, Mwika Kusini.

Mtu wa mlimani hasemi kaskazini. Anasema juu. Kusini ni chini, porini. Mashariki na magharibi ni ng'ambo ya mto huu na ng'ambo ya mto ule. Bibi zetu hawakuwahi kuishi Magharibi. Walikaa mahali penye jina.

Enzi za mamangi kila himaya iligawanywa mitaa, na kila mtaa ulikuwa na mchili wake aliyeita watu kazini, aliyepokea kodi, aliyejua nani amezaliwa na nani amekufa. Ndani ya mtaa kulikuwa na majina madogo zaidi, ya kila pindo la mlima na kila kundi la vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1975 ikaleta vijiji vya kusajiliwa, mipaka ikapitishwa upya, na yale yasiyoingia kwenye daftari la serikali yakabaki vinywani. Wenye vinywa hivyo sasa wanazikwa kila Jumamosi.

Simlaumu mtu. Serikali inahitaji majina yanayopangika, na kijiji kinahitaji mpaka. Lakini ilipasa mtu akae na kalamu kabla ya kuchora mistari, aandike: hapa paliitwa hivi. Hilo halikufanyika, au kama lilifanyika, karatasi hizo sijazikuta.

Mtendaji wa kijiji alinipokea vizuri. Alifungua orodha yake ya vitongoji, tukaipitia pamoja, kidole chake juu ya karatasi. Jina la mzee halikuwemo. Ndipo akaniambia kitu ambacho sikukipa uzito wakati huo: "Dada, kawaulize watu wa mfongo."

Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia migomba. Niliitikia tu. Moyo wangu ulikuwa kanisani.

Kitabu cha ubatizo

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walikuwa watu wa kuandika. Nilijua kama bibi alibatizwa akiwa msichana, atakuwa kitabuni. Usharika ulinikubalia kuangalia, kwa sharti la kutopiga picha. Nikaenda na penseli.

Jina lake la ubatizo nililipata, na jina la baba yake, na mwaka. Safu ya mahali ilikuwa imejazwa. Lakini kilichoandikwa pale hakikufanana na neno la mzee. Nilisoma mara ya kwanza, ya pili, kwa sauti, kimoyomoyo: silabi zilikuwa mbili na herufi n zimefuatana kwa namna ambayo Kichaga hakiwezi kuitamka.

Nilinakili umbo la kila herufi kama mtoto wa chekechea, nikampelekea mchungaji mstaafu aliyewahi kusoma Ujerumani. Akavaa miwani, akatabasamu.

"Hii si n, mwanangu. Hii ni e."

Kisha akanifundisha. Mwandiko wa mkono wa Wajerumani wa zamani una maumbo yake. Herufi e ni vijiti viwili vidogo vilivyosimama, na macho yetu yanaviona n. Herufi u inawekewa kijipindo juu yake, kwa sababu bila kijipindo hicho wao wenyewe wangeichanganya na n. Herufi h ina kitanzi juu na kitanzi kingine chini. Herufi s katikati ya neno ni mstari mrefu uliosimama, unaweza kuapa ni f. Na hata ukishazijua herufi, bado kuna tahajia: waliandika sch kwa sh, tsch kwa ch, dsch kwa j. Machame yao ni Madschame. Kibosho ni Kiboscho. Arusha ni Aruscha, Moshi ni Moschi.

Tukalisoma neno upya, herufi baada ya herufi, kidole chake na changu juu ya karatasi ileile. Tulipoweka e mahali pa n, na kijipindo kikatuonyesha u ilipo, neno likajitamka lenyewe.

Lilikuwa lilelile la msibani.

Nilitoka pale nimejaa furaha, nikampigia baba simu nikiwa bado barabarani. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hiyo safu ni ya alikozaliwa, au ya alikokuwa anakaa alipobatizwa?"

Sikuwa na jibu.

Ni swali zito kuliko linavyosikika. Bibi hakubatizwa mchanga. Alikuwa binti mkubwa, amepita darasa la mafundisho. Mchungaji akimuuliza "unatoka wapi", anaweza kutaja alikolala jana. Nilirudi kwa kile kitabu kuangalia wenzake wa siku ileile. Kama safu ingekuwa ya mahali walikofundishwa, wote wangeandikiwa mahali pamoja, maana darasa lilikuwa moja. Haikuwa hivyo, kila mmoja ana mahali pake, ndugu wawili tu wamefanana. Tena bibi ameandikwa binti wa fulani, hana mume. Kwa hiyo ni nyumbani kwa baba yake. Hapo nilisimama imara.

Lakini baba yake naye angeweza kuwa amehamia pale mtoto akiwa tayari anatembea. Miaka ile haikuwa ya utulivu. Februari 1891 Wajerumani walimpiga Sina wa Kibosho wakisaidiwa na watu wa Rindi. 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, 1893 wakarudi wakamshinda. Watu waliozaa watoto miaka michache baada ya vita hivyo hawakukaa mahali pamoja kwa raha. Kitabu kilinipa mahali pa binti wa miaka kumi na kitu. Mahali pa kichanga kilikuwa hakijanipa.

Zamu za maji

Ndipo nikakumbuka maneno ya mtendaji.

Msomaji wa mlimani hahitaji kuelezwa mfongo ni nini. Lakini nadhani wengi wa rika langu, tuliokua na bomba la uani, hatujawahi kujua kwamba mfongo ni daftari. Banio liko juu kabisa, korongoni. Kutoka hapo maji yanatembezwa ubavuni mwa mlima, kwa mteremko mdogo mno, mpaka yatoke juu ya mgongo kunakokaa watu. Halafu yanagawanywa kwa zamu. Kundi hili asubuhi ya siku fulani, kundi lile mchana wake. Asiyekuja kusafisha mfongo anatozwa faini au ananyimwa zamu. Na kundi huwezi kuliitia zamu bila kulitaja jina.

Kwa hiyo majina yakaishi. Serikali ilibadilika, mchili akaondoka, kata zikaja na dira zake, lakini mtu mwenye migomba inayokauka bado alihitaji kujua ni zamu ya akina nani.

Mzee wa mfongo alinipeleka mpaka kwenye tawi moja. Maji yalikuwa yamezibwa kwa kipande cha mgomba na donge la udongo lenye majani. Alikanyaga donge kwa kisigino, akasogeza mgomba kwa jembe, na maji ya kahawia yakageuka kuingia kwenye magimbi, yakipita chini ya kahawa, yakisukuma majani makavu mbele yake. Alisubiri kidogo, akayafuata kwa macho mpaka yalipofika kwenye masale, mimea ya mpakani. Akaridhika.

"Sasa andika," akaniambia.

Alitaja kuanzia banio. Hakwenda kwa alfabeti wala kwa kata. Alifuata maji, akishuka nayo, na mkono wake ukishuka hewani. Kila jina lilifuatwa na ukoo uliochimba sehemu ile au uliopewa maji pale. Alipofika karibu katikati akalitaja jina la bibi, akapita, akaendelea na linalofuata kama vile hakusema kitu. Ilibidi nimkatishe.

"Mzee, hapo ulipotaja. Hapo pako wapi?"

"Pale." Akanyoosha jembe kuelekea mgongo wa juu yetu. "Ila siku hizi wanaitana kwa jina la shule."

Shule ya msingi ilijengwa, watu wakaanza kusema naenda shuleni, nakaa karibu na shule, na ndani ya vizazi viwili jina likalala. Sikujua nicheke au nilie. Nimepita mbele ya shule ile tangu utotoni.

"Umekuja na nani?"

Hapa ndipo karibu niache.

Nilianza kuulizia kwenye nyumba za jirani na shule. Mwanzoni watu walifungua mlango, wakanikaribisha ndizi na chai. Nikisema tu kwamba ninatafuta alikozaliwa bibi mzaa babu yangu, sura zinabadilika. Mama mmoja aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Umekuja na nani?" Kijana wake akaongeza, "Una karatasi yoyote?"

Ilinichukua muda kuelewa wanaogopa nini. Wanaogopa kihamba. Vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, na mtu anayekuja kutoka mjini na daftari, anauliza majina ya zamani, anaangalia masale yamepandwa wapi, anafanana na mtu anayejenga kesi. Zamani wangeweza kunipuuza, kwa sababu kwa mila binti hakurithi ardhi, na mjukuu wa binti hana la kudai. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi kihalali. Watu wanaijua hiyo, hata wasipoitaja kwa namba. Kwa hiyo hofu yao si ya kijinga. Mimi ni kitukuu wa binti aliyetoka pale bila kupewa kitu.

Nililala na jambo hili siku nyingi. Je, kiu yangu ya kujua inanipa ruhusa ya kuwanyima usingizi watu wanaolima kipande ambacho babu zao walikilima? Na kwa upande mwingine, je, bibi asahaulike alikozaliwa kwa sababu tu aliolewa akaondoka? Wanaume wa ukoo wetu tunajua walikozaliwa mpaka wa sita. Makaburi yao yako ndani ya kihamba, unayaonyesha kwa kidole. Wake zao wote wametoka "huko kwao", na huko kwao hakuna anayekujua.

Niliamua mambo mawili. Niliendelea, lakini kila nyumba nilianza kwa kusema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba sidai ardhi. Na jina lenyewe silichapishi. Hapo pana kesi ya mpaka inayoendelea kati ya watu nisiowahusu, na sitaki makala yangu ibebwe na mtu kwenda nayo baraza la ardhi. Anayetoka upande ule akisoma maelezo haya atalijua.

Majina mawili yanayofanana

Nilipodhani nimemaliza, bibi mmoja mzee, mwenye macho yaliyofifia lakini kumbukumbu kali, akanivuruga. Aliniuliza: "Unatafuta la juu au la chini?"

Kumbe yako mawili. Jina lilelile lipo pia chini zaidi, kuelekea porini, upande wa pili wa barabara. Akaniambia watu wa juu walipozidi, vijana walishuka kufungua vihamba vipya na wakalibeba jina la kwao, kama Moshi ilivyobebwa. Walioshuka waliona wanaishi palepale, mahali tu ndipo palipobadilika.

Basi bibi alizaliwa wapi? Nimepima hivi. Mtoto wa mwaka 1899 au karibu na hapo alizaliwa wakati watu walikaa juu, ukanda wa migomba haujateremka kama ulivyo leo, na huko chini palikuwa mashamba ya msimu, ulezi na mahindi, watu wanashuka kulima na kupanda kulala. Vihamba vya chini vimejazwa baadaye, kadiri watu walivyoongezeka. Tena mzee wa mfongo amelitaja katikati ya maji, na tawi la chini ni jipya kuliko shina. Nimeegemea la juu. Bibi mzee naye alisema hivyohivyo, kwa sababu nyingine kabisa: anakumbuka baba yake akisema watu wa pale juu ndio "waliomtoa" msichana wa kwetu. Nilipomwuliza kama vita viliwahi kuwahamisha, akasema walikimbilia korongoni na kurudi, mara nyingi, lakini moto wa nyumba haukuhama.

Kwangu hilo linatosha kuandikwa.

Kwenye daftari la ukoo nimefuta Moshi Mjini. Nimeandika jina kama linavyotamkwa, na chini yake jinsi lilivyo kitabuni kwa tahajia ya Kijerumani, ili atakayekuja baada yangu asipotelee kwenye e na n. Nimeandika: Old Moshi, mgongo wa juu ya shule, zamu ya katikati kuanzia banio, upande wa juu wa barabara. Nimeandika pia majina yote ya mfongo kwa mpangilio wa maji, yakiwemo ya mwisho ambako maji hayafiki tena, maana hayo sasa yako kwa mzee yule peke yake. Mwezi wa kumi na mbili, watu wakirudi nyumbani, nitayasoma mbele ya wote warekebishe.

Mstari unaofuata daftarini ni wa mama yake bibi. Bibi mzee amenipa neno moja tu juu yake: alitoka ng'ambo ya mto, Mbokomu. Huko simjui mtu. Kama wewe ni wa Mbokomu na unamfahamu anayeshika zamu za mfongo wowote wa upande unaopakana na Old Moshi, naomba unikutanishe naye. Nitakuja na mwenyekiti, na nitasema mapema kwamba sidai ardhi.